Je, wajua ndizi mbichi inaweza kukuambia kisu cha babu ni cha chuma gani?

Aliyewahi kumenya ndizi za mtori Moshi anajua kwamba visu havifanani. Kimoja kinatoka kwenye beseni kimeganda utomvu, unakisugua kwa majivu, kinang'aa tena. Kingine unakisugua mpaka mkono unauma, na bado kina weusi wenye ubuluu. Vyote ni chuma cha pua, yaani chuma chenye kaboni kidogo ya kukipa ugumu. Kilichovitofautisha ni kromiamu, metali inayochanganywa kwenye chuma.

Utomvu wa ndizi una tanini, jamii ileile inayokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini ikigusana na chuma kisicho na kinga, hutoa rangi nyeusi. Wazungu wa zamani walitengeneza wino wao kwa njia hiyohiyo. Kisu cha stenlesi kina kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5, nayo ikipata hewa hutandaza utando mwembamba usioonekana kwa macho, na tanini haipiti hapo. Chuma cha kaboni, yaani kile kisicho na kromiamu ya kutosha, hakina utando huo, kwa hiyo kinapauka, kinakuwa cheusi, na ukikiacha na maji kinashika kutu.

Kwa hiyo ukirithi kisu cha kukunja cha zamani, huna haja ya kutafuta mkungu. Futa mafuta kwenye sehemu ndogo ya ubapa, dondoshea tone la ndimu, subiri dakika kumi. Doa la kijivu likitokea, una kisu cha kaboni. Kioshe mara moja, kikaushe, kipake mafuta. Angalia tu kisiwe kimepakwa nikeli au kromu juu, maana vipo vya namna hiyo. Hapo pima karibu na makali, ambako kinoo kimeshaondoa mpako huo.

Wengi hukimbilia sumaku. Nimemwona mtu sokoni Arusha akipita na kasumaku kake, kila kisu kinachonasa anakiita "cha kaboni". Alikuwa anajidanganya. Sufuria nyingi za stenlesi hazinasi kwa sababu zina nikeli, kama asilimia 8. Stenlesi ya visu ni ya aina nyingine, inayokubali kuchomwa na kuzimwa ili iwe ngumu, na hiyo sumaku huinasa vizuri tu.

Baada ya ndimu, soma maandishi. Kunjua kisu utazame shina la ubapa, pale panapoingia kwenye mpini. Mafundi wa zamani waligonga alama zao hapo. "Rostfrei" ni Kijerumani, maana yake hakishiki kutu. "Inox" ni kifupi cha Kifaransa chenye maana hiyohiyo. Stenlesi ya visu ilianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, mikononi mwa Harry Brearley, aliyekuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Kisu kilichotengenezwa kabla ya hapo ni kaboni, hakuna mjadala. Hata jina Victorinox lina tarehe ndani yake: Victoria alikuwa mama wa mwanzilishi wa kiwanda hicho cha Uswisi, na "inox" iliongezwa mwaka 1921. Ukiona "W. Germany", kisu ni cha kati ya 1949 na 1990, enzi ya Ujerumani mbili.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, ujue kwamba aina kamili ya chuma huijui kwa kutazama. Chuma cha Marekani kiitwacho 1095, chenye kaboni asilimia 0.95, na XC90 cha Opinel, watengeneza visu wa Ufaransa, chenye asilimia 0.90, vyote vitageuka vyeusi kwa ndizi ileile. Fundi mwenye mashine ya kusaga atakuambia kwa cheche: za kaboni zinachanua kama fataki, za stenlesi ni fupi na nyekundu. Ila kila cheche ni chuma kilichotoka kwenye kisu cha babu, na mimi singekubali.

Jambo moja kabla hujashika msasa: herufi zile za kwenye shina la ubapa ni za kina kifupi sana, na msasa huzifuta kabla ya kutu kuisha. Paka unga wa chaki kwenye shina, pangusa kwa kidole, usome kilichobaki cheupe.