Ticha, mbona wote wanaangalia kulia?

Zoezi langu la kwanza la kutengeneza filamu ni lile lile kila mwaka: mtu anaingia kwa mama ntilie, anasalimia, anaketi mkabala na mwenzake, wanajibizana maneno mawili matatu. Wanafunzi hulicheka, mpaka wakae kuhariri.

Kundi la mwisho lilirekodi kwenye kibanda karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Walianza na dada, akitazama kulia mwa fremu, yaani ya picha inayoonekana. Kisha mpiga kamera akaona ng'ambo ya meza kuna mwanga mzuri zaidi, akahamisha tripodi kimyakimya, akamrekodi kaka. Kila shoti, yaani kipande kilichorekodiwa bila kusimama, peke yake ilipendeza. Zilipounganishwa, wote wawili wakawa wanatazama kulia, kama abiria wa daladala wanaomsubiri konda arudishe chenji.

"Ticha, mbona kama wanaongea na mtu wa tatu?"

Hapo ndipo nachora mstari, kutoka macho ya dada hadi macho ya kaka. Kamera ina nyuzi 180 za kuzunguka, upande mmoja tu. Ikibaki huko, dada atatazama kulia na kaka kushoto. Ikivuka, mmoja anageuka. Wapenzi wa mpira wananielewa haraka: kamera kuu za mechi hukaa upande mmoja wa uwanja, la sivyo Simba wangeonekana wanashambulia goli lao wenyewe.

Kuvuka kunaruhusiwa, ila vukeni pamoja na mtazamaji. Kamera isogee huku inarekodi, au mwigizaji ahame kiti, mstari umfuate.

Tukirekodi nje, mlima hutusaidia. Waketi mmoja mashariki, mwingine magharibi, kamera iwe kusini: Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro, viko nyuma yao. Mlima ukitoweka kwenye fremu, huenda kamera imeshavuka mstari. Au ni mawingu tu. Saa 1 asubuhi Kibo iko wazi, saa 5 imejifunika, na haisubiri mwongozaji.

Kosa lililonichekesha zaidi lilikuwa la chapati. Shoti ya kwanza imeliwa nusu, ya pili nzima, ya tatu kipande. Siku hizi mwanafunzi mmoja kazi yake ni kuipiga meza picha kwa simu kila tunaposimamisha kurekodi. Siku ile tulinunua chapati 11 kwa dakika moja ya filamu, na mama mwenye kibanda akauliza tunarudi lini.