Gari la zamani linachemsha: dhana potofu na ukweli

Land Rover yangu ni Series III, chesisi ndefu, na chini ya boneti kuna injini ya dizeli ya Toyota, modeli ya 3L. Magari ya namna hii yapo mengi Arusha na Moshi: bodi ya kale, injini ya Hiace au Hilux, na rejeta (kipoza maji ya injini) yoyote iliyopatikana. Likianza kuchemsha, kila anayepita ana ushauri, na ushauri mwingine ndio unaoua injini.

"Toa themostati, huku kwetu ni joto." Hii ndiyo naisikia zaidi, na ndiyo inayoniuma zaidi. Themostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Injini haitakiwi kuwa baridi. Inatakiwa ifike kwenye joto lake na kubaki hapo. Ikikaa chini ya hapo, mafuta hayaungui vizuri, oili inabaki nzito, ringi na silinda zinalika mapema.

Tena zipo injini ambazo themostati yake ina kisahani cha pili kwa chini. Mlango wa kwenda rejeta ukifunguka, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na maji mengi ya moto yanazunguka humohumo bila kufika kwenye rejeta. Ndiyo maana mtu anaitoa na gari linachemsha kuliko jana.

Ipime kwanza. Mimi nabana uzi kwenye mdomo wake, naining'iniza ndani ya sufuria ya maji jikoni, naweka na kipimajoto. Iliyoandikwa 82, maji yakikaribia nyuzi hizo inaanza kufunguka, inaachia uzi, unaisikia ikigonga chini ya sufuria. Maji yakitokota nayo bado inaning'inia, hiyo imekufa, nunua nyingine.

"Kulanti ni ya nchi za barafu." Kulanti ni dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, na kuzuia maji yasigande ni mojawapo tu ya kazi zake. Inazuia pia kutu ndani ya bloki, na inachelewesha maji kuchemka. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta, unaobana mgandamizo ndani: ule ulioandikwa 0.9 unasogeza kiwango cha kuchemka juu kwa nyuzi kama 20. Mpira wake ukichoka, kinga hiyo yote imekwenda, nao ni spea ya bei ndogo.

Ila usijaze kulanti tupu, maana maji ndiyo yanayobeba joto vizuri zaidi. Changanya nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yasiyo na asidi.

"Weka rejeta kubwa." Niliweka. Nilikuwa natoka Moshi, Boma Ng'ombe hadi Usa River mshale wa joto umetulia, kisha naingia foleni ya mjini na unaanza kupanda. Rejeta mpya haikubadilisha kitu. Jibu lilikuwa kwenye swali ambalo sikujiuliza: linachemsha *wakati gani*? Likichemsha limesimama au kwenye foleni, angalia feni. Likichemsha kwenye mlima au mwendo mrefu, kwa mfano ukipandisha Himo kwenda Marangu, shuku rejeta iliyoziba, au mpira wa chini wa maji unaonyonywa ukabonyea kwa sababu hauna springi ndani.

Kwangu, injini ilipobadilishwa feni ilibaki mbali na rejeta kwa urefu wa shubiri nzima, bila kava ya kuelekeza hewa. Ilikuwa inavuta hewa ya moto ya humohumo ndani ya boneti. Tulitengeneza kava ya bati, mapanga ya feni nusu ndani nusu nje, na foleni ikaacha kunitisha. Kama feni yako ni ya umeme, washa kisha weka karatasi mbele ya rejeta: inatakiwa ivutwe na kunata. Ikipeperushwa, nyaya zimegeuzwa.

"Mshale haujapanda, niko salama." Sensa ya joto ya Toyota kwenye geji ya Land Rover haisemi kweli, zinatakiwa ziwe za jozi moja. Na maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka huku hedi (sehemu ya juu ya injini) inaungua.

"Likichemsha ni gasketi." Kabla hujafungua hedi, washa asubuhi injini ikiwa baridi na ushike mpira wa juu. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, hapo kweli gesi ya silinda inavuja kupitia gasketi ya hedi.

"Limechemsha, limwagie maji." Chuma cha moto kikikutana na maji baridi, hedi inaweza kupasuka. Zima, fungua boneti, kaa kivulini, hata nusu saa. Mpira wa juu ukibonyea kwa vidole bila kukusukuma, weka kitambaa kizito juu ya mfuniko na uufungue taratibu.