Yule mpanda farasi kwenye fulana

Jumamosi moja mtoto wa kidato cha pili aliingia kwenye chumba chetu cha maonyesho hapa Iringa amevaa fulana ya kola, ile ambayo mitaani huitwa fomu siksi. Kifuani ilikuwa na nembo ya mtu juu ya farasi ameinua kijiti. Akaniuliza: "Huyu anawinda nini?"

Hawindi. Anacheza polo, na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuuliza, nijibu kwa kirefu kidogo.

Polo ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya farasi, wanne kwa wanne, kwenye uwanja wa urefu wa karibu meta 274. Waajemi waliucheza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na pale Isfahan, Iran, nguzo za mawe za magoli bado zimesimama kwenye uwanja mkuu wa mfalme Shah Abbas. Ulikuwa mchezo wa watawala, na haukumheshimu mtawala: Qutb al-Din Aibak, sultani wa Delhi, alifia mchezoni huko Lahore mwaka 1210 baada ya kuanguka na farasi wake.

Watu wa Mufindi na Rungwe watapenda kinachofuata, maana kinapita shambani kwa chai. Wenyeji wa Manipur, kaskazini-mashariki mwa India, walikuwa na mchezo wao wa namna hiyo, sagol kangjei. Waingereza, wakiwemo wenye mashamba ya chai, waliuona wakaupenda, na mwaka 1859 wakaanzisha klabu Silchar, Assam. Haikupita miaka kumi na miwili ukawa unachezwa Uingereza. Jina polo limetokana na pulu, yaani mpira, katika Kibalti, lugha ya kaskazini mwa Pakistan.

Lakini ukitaka kuona polo ya ukoo, nenda Argentina, ambako mashindano makubwa ya Buenos Aires yalianza mwaka 1893. Mwaka 1992 na 1993 yalichukuliwa na ndugu wanne wa tumbo moja: Horacio, Gonzalo, Marcos na Bautista Heguy. Baba yao na baba yao mdogo, Alberto, walikuwa mabingwa kabla yao. Watoto wa Alberto nao wakawa na timu yao, kwa hiyo ndugu walikutana uwanjani kama wapinzani. (Wazungu huwaita hao binamu. Kwa hesabu ya kwetu, mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako tu.) Siku hizi Adolfo Cambiaso, anayetajwa na wengi kuwa bora kuliko wote, amecheza timu moja na mwanawe.

Damu peke yake haielezi jambo hili. Kipindi kimoja ni kama dakika 7 za mbio, kisha farasi hubadilishwa, hivyo mchezaji mmoja huhitaji farasi kadhaa kwa mechi moja. Kumfundisha kila mmoja ni kazi ya miaka. Hapo unahitaji malisho, majike wazuri na watu wanaojua kutunza, na vitu hivyo mtu huvikuta kwa baba yake. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ananielewa: kabla ya kununua ndama huuliza mama yake alitoa lita ngapi. Cambiaso alikuwa na jike aitwaye Cuartetera, akamtoa nakala maabara, na mwaka 2016 akacheza fainali ya Buenos Aires akiwapanda nakala hizo. Mimi naona wanaosahaulika ni watunza farasi. Hakuna nembo inayowachora.

Huku kwetu farasi ni wachache, na sababu kubwa ni magonjwa: nagana inayoletwa na ndorobo, na ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi. Jirani zetu wa Nairobi, hata hivyo, wamecheza polo tangu enzi za ukoloni.

Na ile fulana? Mshono wake ulitoka kwenye tenisi, kwa Mfaransa René Lacoste, miaka ya 1920. Nilipomwambia hivyo, kijana akaitazama nembo yake, akauliza kama basi yule farasi ang'olewe.