Dhyan Chand na kazi ya mshambuliaji wa kati

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha washambuliaji wa mpira wa magongo, huulizwa mara kwa mara ni nani aliyewazidi wote, na jibu langu ni Dhyan Chand wa India, aliyezaliwa Allahabad mwaka 1905, akaingia jeshini akiwa na miaka 16 na kukomaa kimchezo humo humo. Sababu yangu, hata hivyo, si wingi wa mabao yake.

Idadi ya mabao hupotosha. Katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932 India iliifunga Marekani 24–1, naye akafunga 8, lakini mashindano yale yalikuwa na timu 3 tu. Anayetaka kumpima kwa haki aanze na sheria ya kuotea ya enzi hizo: mpira ulipopigwa kuja kwake, mshambuliaji alitakiwa awe na wapinzani wasiopungua 3 walio karibu zaidi na mstari wa goli kuliko yeye, ilhali leo sheria hiyo imefutwa kabisa. Tena ilimpasa, kama ilivyo hadi sasa, aupige mpira akiwa ndani ya duara la kufungia, ambalo leo huishia takriban mita 14.6 kutoka golini.

Kwa hiyo mshambuliaji wa kati hakuweza kumganda kipa akisubiri. Ilimbidi aanzie nyuma, asome mwili wa mwenye mpira, kisha aingie katika duara wakati ule ule mpira unapoingia. Hapo ndipo Dhyan Chand alipokuwa peke yake. Alipozingirwa hakung’ang’ania chenga, bali aliuachia mpira kwa aliye huru, mara nyingi mdogo wake Roop Singh, aliyecheza kati yake na winga wa kushoto. Katika mechi ile ya 24–1, Roop alifunga 10.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1936, Dhyan Chand alipokuwa nahodha. Kabla ya michezo ya Berlin, India ilifungwa na Ujerumani 4–1 katika mechi ya majaribio. Viongozi hawakumgusa mshambuliaji wa kati. Walimwita kutoka nyumbani Ali Dara, wa kucheza ubavuni mwake upande wa kulia. Dara aliwahi nusu fainali, na katika fainali ya tarehe 15 Agosti India ikaishinda Ujerumani 8–1. Naona uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa, kwa sababu mshambuliaji wa kati asiye na wa kumlisha ni beki wa bure kwa wapinzani.

Afrika Mashariki nayo ilimwona. Waandaaji wa huku waliialika timu ya India kwa sharti kwamba naye awemo, na katika ziara hiyo ya mwaka 1947 hadi 1948, akiwa na miaka 42, alifunga mabao 61 katika mechi 22. Katika umri huo mbio zilikuwa zimepungua. Kilichobaki ni macho na mahali pa kusimama.

Tangu Montreal mwaka 1976 Olimpiki huchezwa kwenye nyasi bandia, ambako mpira hukimbia kasi zaidi na muda wa kufikiri ni mfupi mno. Ndiyo maana mazoezini nawataka washambuliaji wangu watazame walipo mabeki na kugeuza bega kabla pasi haijapigwa, na ninawasimamisha wanaogeuka baada ya mpira kuwafikia.