Je, wajua kwa nini kijana anayejifungia ndani huzidi kujiona duni?

Julai hapa Uyole, Mbeya, mtu anavaa jaketi hata mchana. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alimaliza chuo mwaka juzi na kazi bado hajapata. Kutoka kwao hadi dukani kwa Mangi hapafiki hatua mia, ila lazima upite kijiwe cha bodaboda. Yeye huzunguka nyuma, akakatiza kwenye mabua ya mahindi, kofia ya jaketi imemfunika uso. Anakwepa swali moja tu: "Vipi, mchongo umepata?"

Akishapita huko nyuma, moyo unatulia papo hapo. Huo utulivu ndio unaomnasa. Ubongo unajifunza kwamba kujificha kumemwokoa, na kesho hofu inakuja kubwa zaidi, maana hajawahi kupita pale akaona kingetokea nini.

Mwaka 1995 mwanasaikolojia wa Marekani, Mark Leary, na wenzake walieleza kwamba kujithamini kunafanya kazi kama geji ya mafuta kwenye gari: kunapima kama watu wanatukubali au wanatukataa. Sasa fikiria aliye chumbani siku nzima. Hasalimiwi, haitwi, hatumwi hata chumvi. Geji yake itasoma nini? Inabaki kusoma mawazo yake mwenyewe, na mawazo ya mtu mpweke mara nyingi ni makali kuliko watu wenyewe.

Tena watu hawatuangalii kama tunavyodhani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, Thomas Gilovich na wenzake waliwavalisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ya kuonea aibu kwa vijana wale, wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliomo wameitambua picha ile. Walioitambua walikuwa kama robo.

Wazazi, nawaomba sana: "wenzako wote wana maisha yao" haimtoi mtoto chumbani. Inamwongezea kitasa. Mtume dukani, mpe shughuli ndogo inayomkutanisha na mtu mmoja au wawili. Na kama wiki mbili zimepita hali vizuri, halali, hana hamu na chochote, hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa unaotibika. Mpelekeni kituo cha afya mapema.

Yule kijana wetu, wiki iliyopita mama yake alimtwisha nusu gunia la viazi apeleke barabarani. Kwa mzigo ule, njia ya mabuani haikupitika. Alipofika kijiweni swali likaja lilelile. Akajibu, "Bado, kaka." Dereva mmoja akashuka kwenye pikipiki, akamsaidia kutua gunia. "Hata mimi cheti changu kiko kabatini, mdogo wangu. Kaa kwanza upumzike."