Mama anaona giza akisimama: maswali kuhusu dawa za maumivu

Mama yangu yuko Kisumu. Amepewa tramadol kwa sababu ya mgongo, na sasa akisimama anaona giza. Ni dawa?

Yawezekana sana. Kizunguzungu ni kawaida kwa wanaotumia tramadol, kodeini au mofini. Dawa hizi hulegeza mishipa; mtu akiinuka, damu hushuka miguuni na ubongo unapungukiwa kwa muda. Mpeleke zahanati apimwe presha akiwa amelala, kisha tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, jibu mmelipata. Akipimwa ameketi tu, tatizo laweza kujificha.

Ninachohofia zaidi ni usiku. Choo kiko nje, mzee anakurupuka kutoka usingizini, anaushika mlango, na hapo hapo anaanguka kwenye simiti. Nyonga ikivunjika kwa umri huo, ni msiba mwingine. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe nyayo, ndipo asimame akishika kitu. Mwekeeni ndoo chumbani. Si aibu.

Anameza pia dawa za presha. Aache zipi?

Asiache yoyote kabla ya kumwona daktari. Tramadol iliyotumika wiki kadhaa hupunguzwa polepole. Ikikatwa ghafla huleta jasho, kutetemeka na kukosa usingizi. Bebeni dawa zake zote, hata Piriton ya mafua na tembe za usingizi, kwa maana hizo huongeza kusinzia. Pombe, iwe busaa au chang'aa, asiiguse kabisa.

Jirani yetu naye hupata kizunguzungu, lakini yeye hutumia diklofenaki tu.

Huyo ananitia wasiwasi zaidi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuchubua tumbo likavuja damu, pengine bila maumivu yoyote. Muulizeni kuhusu choo chake, hata kama swali linawatia haya. Kikiwa cheusi kama lami na chenye harufu kali, au akitapika damu, aende hospitali leo, asingoje siku ya kliniki. (Vidonge vya kuongeza damu pia hufanya choo kiwe cheusi, lakini hilo aliamue daktari.)

Mama akizirai tufanye nini?

Mlazeni chali, inueni miguu yake, legezeni nguo. Msimnyweshe maji. Kwa kawaida atazinduka upesi.

Asipoamka, akikoroma isivyo kawaida, akivuta pumzi moja moja au midomo ikibadilika rangi, huenda dawa imemzidi. Mlazeni ubavu na mtafute gari mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Hospitalini ipo naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya tramadol na mofini mwilini, ingawa kwa tramadol haiondoi yote. Msimbane katikati kwenye bodaboda: kichwa cha mtu asiyejitambua huinama mbele na njia ya hewa huziba.