Mifarishi saba, ngazi ni zile zile

Mimi hushona mifarishi, yaani nguo za viraka zenye tabaka, na mada ya mfululizo wangu wa kwanza ilikuwa "Mombasa". Niliing'ang'ania miezi minne. Nikashona mfarishi wa pembe za ndovu za Moi Avenue, nikashona wa Fort Jesus, nikaingia wa tatu wenye madafu na mkokoteni. Siku niliyoitandika yote kitandani, binti wa dada yangu alipita mlangoni akauliza, "Mamdogo, hizi ni za kuwauzia watalii?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini alikuwa amesema kweli: kila mfarishi ulipendeza peke yake, na kuiweka pamoja hakukuongeza kitu.

Tangu hapo mtu akiniuliza mfululizo unaanzwaje, nami humuuliza: umesimama wapi, na ni saa ngapi? Bahari haishoneki. Ngazi za kushukia majini pale Mji wa Kale, saa nne asubuhi, zinashoneka.

Aliyekulia pwani anayajua haya, lakini wa bara na asome. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50, pengine zaidi. Bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kupwa sana, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu; maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, hufuata nusu mwezi. Hapa Mombasa, siku za bamvua maji hupwa asubuhi karibu saa nne. Siku za mafu, saa hizo hizo huwa yamejaa, ingawa ni kule kujaa kwa uvivu. Basi ukisimama pahali pamoja saa nne kila asubuhi, kutoka mafu hadi bamvua, utaona kila siku vidato vingine vimetoka majini. Ni siku saba hivi, na ndiyo sababu mifarishi ni saba. Idadi hiyo sikuichagua mimi.

Nilikwenda kweli, asubuhi saba, na daftari. Nilihesabu vidato vilivyo wazi na kuandika rangi ya mwani ulioshika kwenye mawe. Picha za simu nilipiga pia, lakini hazikunisaidia sana, kwa sababu simu huifanya bahari ya Mji wa Kale kuwa buluu hata siku ambayo ni ya kijivu kama jivu la kuni.

Baada ya hapo niliamua yasiyobadilika. Hii ndiyo kazi yenyewe ya mfululizo, na wengi huiruka. Kila mfarishi una upana wa sentimita 75 na kimo cha sentimita 55, yaani nusu ya leso kila upande. Kila mmoja una pindo, mji, yaani ile sehemu ya katikati, na kisanduku cha jina, yaani cha maneno, kama leso. Pindo zote nimezikata kwenye doti mbili za aina moja kutoka Biashara Street. Vitambaa ni vinne tu. Marekani ndiyo bitana, ile pamba nzito isiyopaushwa ambayo karne ya 19 ililetwa pwani na mabaharia wa Salem, Marekani, ndiyo ikaitwa hivyo. Kaniki ni kivuli na mawe. Vikoi ni maji. Leso kuukuu ni watu na mashua. Shati la mtumba la Kongowea lilinitamanisha mara mbili kwa rangi yake, nikalirudisha.

Leso hasa ina haki ya kuwa hapa. Katika karne hiyo hiyo wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono vya Kireno vikiwa bado havijakatwa, wakavikata vitatu vitatu, wakaunga safu mbili wakapata nguo moja ya vipande sita. Neno lenyewe ni la Kireno, lenço. Kwa hiyo leso ilizaliwa kwa kuungwa, na mtu asiniambie kwamba viraka ni mambo ya Wazungu.

Kuhusu nguo nitasema kwa ufupi. Ifue kwanza, itoke wanga na ichuje rangi inayotaka kuchuja, hasa nyekundu na nyeusi. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu, nailoni na wenzake huyeyuka wakafanya punje ngumu. Katikati ya tabaka mimi hutia blanketi jembamba la pamba. Sufi ya mito ni laini, lakini ukishaangika ukutani inateremka yote chini, mfarishi unafanya kitambi. Na kata kila tabaka kwa ziada ya sentimita tatu kila upande, maana ukidarizi, yaani ukishona tabaka zote pamoja, nguo hunywea. Vipimo vya mwisho hukatwa baada ya kudarizi.

Maji ndiyo yaliyonichukua muda. Nilikata vikoi kwa utepe wa sentimita tatu, nne, tano, mistari ilale, nikaunga utepe kwa utepe. Ukishona zote kuanzia upande mmoja, cherehani huivuta nguo kidogo kidogo, na zikifika kumi kitu kizima kimepinda kama upinde. Dawa yake ni kugeuza: utepe huu ushone kwenda kulia, unaofuata kwenda kushoto. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, ya marehemu mama, na inavuta kuliko nyingine.

Halafu ukaja mstari wa maji. Mara ya kwanza niligawa sawasawa: maji yanaanza sentimita 36 kutoka chini, yanaishia 9, basi kila mfarishi yashuke nne na nusu. Nikachora kwa sabuni, nikapanga karatasi saba ukutani. Ilikuwa ngazi ya fundi rangi, si bahari. Nikarudi kwenye daftari. Vidato havikuwa vimetoka kwa idadi sawa: siku za mwanzo kimoja, kimoja na nusu, katikati vinatoka kwa pupa, mwishoni maji yanasita tena. Nikabadilisha nikashusha mbili, nne, sita, saba, tano, tatu. Jumla ni ile ile 27, lakini sasa ukipita mbele ya mifarishi unahisi maji yanakwenda. Kama kuna jambo moja ningependa ulichukue kwangu ni hili: kinachobadilika kiwe kimoja, na kibadilike kwa mwendo wake, si kwa rula yako.

Kuna jirani yangu mzee, mvuvi aliyestaafu, jioni hukaa kwenye baraza yangu na kikombe chake cha kahawa. Mifarishi minne ina mashua iliyotia nanga. Nilikuwa namalizia ya tatu, akaivuta nguo magotini mwangu.

"Mwanangu, hapa maji yajaa au yapwa?"

"Yapwa, babu. Si waona mstari washuka?"

"Hii siku ya ngapi tangu mafu?"

"Ya nne."

"Saa nne asubuhi?"

"Ndiyo."

"Yajaa hayo." Akasubiri nihesabu mwenyewe. Siku ya kwanza saa nne maji yamejaa. Kesho yake yatajaa karibu saa tano, keshokutwa saa sita. Kwa hiyo saa nne ya siku ya nne bado yanapanda, hayajafika. Kila siku nayakuta chini zaidi, na kila siku nayakuta yakija juu. Asubuhi saba nilisimama pale nikihesabu vidato, na hilo sikuliona.

"Na mashua ikitia nanga hukabili maji," akasema. "Yakiingia kwenda Tudor huko ndani, omo, mbele ya mashua, hutazama bahari. Yako yatazama Tudor. Hii mashua haijafungwa, yaelea tu."

Nilifumua mashua tatu. Zilikuwa zimeshonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo, na kila tundu la sindano lilibaki likionekana kwenye kikoi mpaka nilipolisugua kwa ukucha na maji ya uvuguvugu. Ingekuwa ule mfululizo wa pembe na madafu, nani angejua? Lakini ukishaahidi pahali pamoja na saa moja, unadaiwa.

Wa tano uliharibika kwa uzembe wangu. Niliupiga pini nikauacha juu ya kabati masika nzima, nikimuuguza mtu nyumbani. Hewa ya chumvi na unyevu wa Mei, na pini zenyewe za bei rahisi: niliporudi kulikuwa na nukta za kutu mstari mzima upande wa kulia. Ndimu na chumvi zilitoa baadhi, nyingine zimekaa. Wapo waliosema niziache, zitafanana na kutu ya meli. Sikutaka. Nilikata sentimita tano nikarudisha pindo, na sasa wa tano ni mwembamba kuliko wenzake. Ukutani mtu hajui kasoro ni nini, lakini jicho hukwama pale. Nitaushona upya. Siku hizi mimi hupiga bandi kwa uzi, pini sitaki kuziona.

Kisanduku cha jina kimenishinda. Marehemu Faith Ringgold, msanii mweusi wa Marekani, aliandika hadithi nzima kwenye mifarishi yake, na mfululizo wake mmoja una mifarishi 12 inayomfuata mwanamke aliyekwenda Ufaransa. Kwake maneno yanabeba. Mimi niliandika majina saba, nikayafumua saba, kwa sababu kila jina liliieleza picha iliyokwisha jieleza. Visanduku vimebaki vitupu. Leso za mwanzo hazikuwa na maandishi hata hivyo.

Mwezi uliopita niliiangika ukumbini mwangu, nikaalika majirani. Niliipanga kuanzia kulia, mafu kulia na bamvua kushoto, kwa sababu majina ya leso za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na bibi yangu aliyasoma hivyo. Wazee wa kike waliingia wakaanza upande wa kulia, wakasema maji yanakauka. Watoto wa shule wakaanza kushoto kama vitabu vyao, wakasema yanajaa, wakabishana na bibi zao mpaka halua ikaja.

Mzee wangu aliingia mwisho. Hakuanza kulia wala kushoto. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfarishi wa nne, akainama, akaitazama omo ya mashua.

"Yaingia," akasema, akaomba kahawa.